Ziba Kwanza, Sikiliza Baadaye: Iafoni na Vita Virefu Dhidi ya Kelele

Mwaka 1891 mhandisi Mfaransa, Ernest Mercadier, alipewa hataza nchini Marekani kwa kifaa kidogo cha kusikilizia simu. Kilikuwa na vipokezi viwili vilivyounganishwa kwa waya uliopinda, vyote pamoja visifikie gramu 50, na kila kipokezi kiliishia kwenye ncha ya kuingia tunduni mwa sikio. Juu ya ncha hizo Mercadier alivisha vifuniko vya mpira, na katika maelezo ya hataza alivipa kazi mbili: kulikinga sikio lisichubuke, na kuliziba lisipokee sauti za nje.

Wazo hilo lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, lakini lilichukua zaidi ya karne moja kufika mifukoni mwa watu wa kawaida. Katika muda huo wote kelele imekabiliwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuiziba isiingie. Ya pili ni kuifuta kwa sauti pinzani. Ya tatu ni kuizidi nguvu, yaani kuongeza sauti ya kifaa mpaka kelele izame. Mabaharia, marubani na wanamuziki wa jukwaani, ambao riziki na pengine uhai wao ulitegemea kusikia vizuri, walizitafuta mbili za kwanza. Sisi wengine tuliuziwa ya tatu, maana haikuhitaji ufundi wowote zaidi ya kitufe cha kuongeza sauti. Anayetafuta leo iafoni ya kutumia kwenye daladala, kwenye matatu, sokoni au jirani na jenereta ana mengi ya kujifunza kutokana na historia hii.

Masikio ya kazi

Kusikiliza kwa faragha kulianza mahali palipotulia. Mjini Paris, Clément Ader alionyesha mwaka 1881 jinsi opera inavyoweza kusikilizwa kupitia waya za simu, na kuanzia 1890 huduma iliyoitwa Théâtrophone ikawauzia wateja muziki na tamthilia kwa njia hiyo. London ikapata huduma yake, Electrophone, mwaka 1895. Wateja hao walikaa kwenye vyumba vya starehe, na kelele haikuwa shida yao.

Wenye shida walikuwa watu wa kazi. Kwenye mitambo ya kuunganisha simu, mhudumu alipaswa kuipata sauti moja hafifu katikati ya sauti za wenzake waliokaa naye bega kwa bega. Ndani ya meli za kivita, mwendesha redio alinasa nukta na vistari vya Morse huku injini zikinguruma chini ya miguu yake. Mwaka 1910 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipokea barua iliyoandikwa kwa wino wa zambarau kutoka kwa mkazi wa Utah, Nathaniel Baldwin, aliyetaka hedifoni alizotengeneza kwa mkono zijaribiwe. Zilipojaribiwa, zilionekana kuzipita kwa mbali zile zilizokuwa zikitumika. Jeshi lilipotaka kuagiza nyingi, Baldwin alijibu kwamba angeweza kutengeneza kumi tu kwa mkupuo, kwa sababu karakana yake ilikuwa jiko la nyumbani kwake. Umbo alilolipa kifaa hicho, vikombe viwili vilivyoshikwa na utepe wa kichwani, halijabadilika sana hadi leo.

Miaka michache kabla ya hapo, Ujerumani, mfamasia Max Negwer alikuwa ameanzisha mwaka 1907 kampuni ya vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa nta na pamba, Ohropax. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, askari walivitumia kujikinga na milio ya mizinga. Hivyo kabla ya mwaka 1920 dunia ilikuwa na kifaa kizuri cha kusikilizia na kizibo kizuri cha sikio, kila kimoja kikiuzwa kivyake. Ndoa ambayo Mercadier alikwishaifungisha ilivunjika, na miongo mingi ikapita kabla ya wawili hao kurudiana.

Wepesi washinda

Kilichowatenga ni raha ya kuvaa. Kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa mwaka 1937 hedifoni ya DT 48, iliyotumia teknolojia ya spika ndogo yenye koili na sumaku, na teknolojia hiyo ndiyo iliyomo hadi sasa ndani ya iafoni nyingi. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akauza hedifoni za stirio kwa ajili ya muziki wa nyumbani. Zilifunika sikio lote na zilikuwa nzito. Ndipo mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ikaleta HD 414, yenye sponji mbele na matundu nyuma, nyepesi, isiyobana sikio. Sauti yake ilikuwa na uwazi ambao wasikilizaji waliupenda mara moja. Ndani ya chumba kilichotulia, hiyo ilikuwa hatua ya kweli.

Tatizo lilikuja pale muundo huo wa wazi ulipotoka nje ya nyumba. Tarehe 1 Julai 1979 Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani kwa yeni 33,000. Ilikuja na hedifoni yenye sponji iliyokuwa na uzito wa takriban gramu 50 tu, wakati hedifoni nyingi za siku hizo zilikuwa na uzito mara kadhaa ya huo. Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki ulishuka na maikrofoni ndogo ikakuwezesha kumsikia mwenzako. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, alihofia kwamba mtu kujifungia peke yake na muziki mbele ya wengine kungeonekana ni kukosa adabu.

Hofu hiyo haikutimia, kwani Walkman za kanda ziliuzwa zaidi ya milioni 200. Lakini sponji ile haikuzuia chochote. Mngurumo wa treni uliingia sikioni pamoja na muziki, na msikilizaji akafanya alichoweza kufanya, yaani kuongeza sauti. Kuanzia mwaka 1982 zikaja iafoni ndogo za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba, na mwaka 2001 iPod ikazifanya zile nyeupe kuwa alama ya kizazi kizima. Ufaransa iliona hatari mapema na kutunga sheria mwaka 1996 ya kuvifunga vifaa vya muziki vya mkononi visipite desibeli 100. Hata hivyo desibeli 100 ni nyingi mno, na ukomo wa sauti hauwezi kumsaidia mtu ambaye kelele inaingia kwake bila kizuizi.

Ndoto ya kuifuta kelele

Njia ya pili ilibuniwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Sauti ni mawimbi: hewa husukumwa na kuachwa, ikasukumwa tena na kuachwa tena. Wimbi moja likisukuma wakati jingine linavuta kwa nguvu ileile, hewa hubaki palepale na sikio halipati kitu. Mjerumani Paul Lueg aliandika wazo hilo na kupewa hataza ya Marekani mwaka 1936. Elektroniki za wakati wake hazikuwa na kasi wala usahihi wa kulitekeleza. Katika miaka ya 1950 Harry Olson na Everett May wa kampuni ya RCA walitengeneza kifaa cha kufyonza sauti kwa umeme, na Lawrence Fogel akapata hataza za kupunguza kelele masikioni mwa marubani wa helikopta na ndege.

Aliyeipeleka ndoto hiyo mbali zaidi ni Amar Bose, profesa wa MIT aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1929. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Bengal aliyeukimbia utawala wa Waingereza nchini India. Mwaka 1978, akiwa ndani ya ndege kutoka Ulaya kurudi Boston, Bose alivaa hedifoni alizopewa na shirika la ndege na kukuta muziki wote umemezwa na mngurumo wa injini. Safari haikwisha kabla hajaanza kupiga hesabu za namna ya kuifuta kelele hiyo. Mwaka 1986 vielelezo vya kwanza vya kampuni yake vilipanda ndege ya Voyager, ambayo Dick Rutan na Jeana Yeager waliirusha kuizunguka dunia kwa siku 9 bila kutua, ndani ya chumba chembamba kilicho jirani kabisa na injini. Mwaka 1989 hedifoni za marubani zikaingia sokoni, na mwaka 2000 abiria wa kawaida akapata yake, QuietComfort, kwa dola 299.

Ni muhimu kujua ufutaji huu unaweza nini. Maikrofoni hunasa kelele, saketi hutengeneza wimbi pinzani, na spika hulitoa. Kelele nzito isiyobadilikabadilika, kama ya injini ya ndege, basi, feni au jenereta, hutabirika kirahisi na hupungua sana. Honi, kilio cha mtoto na sauti ya kondakta anayeita abiria hubadilika haraka na mawimbi yake ni mafupi, hivyo ufutaji huachia sehemu kubwa ipite. Sauti hizo huzuiwa na kizibo. Kwa bahati nzuri, pale ufutaji unapochoka ndipo kizibo kinapofanya kazi yake vizuri zaidi.

Walioutunza uzibaji

Wakati umma unavaa sponji na plastiki, watu wachache waliendelea kuziba. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Marekani, Ross Gardner na wenzake walitambua thamani ya sponji inayobonyea na kurudi polepole. Ukiiviringisha kati ya vidole huwa nyembamba kama njiti, ukiiingiza sikioni na kuishikilia kidogo huvimba taratibu hadi kuujaza mfereji wa sikio. Ndicho kizibo cha njano kinachoonekana viwandani kote.

Mtaalamu wa usikivu Mead Killion, aliyetokea kwenye fani ya shimesikio, yaani vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu, aliunganisha tena nusu mbili za Mercadier. Kampuni aliyoianzisha Illinois mwaka 1983, Etymotic Research, ilitoa mwaka 1991 iafoni ya ER-4. Ilikuwa na kitoa sauti kidogo sana cha aina inayotumika kwenye shimesikio, na ncha ya mpira yenye tabaka tatu zinazopanuka kama miavuli iliyopandana, inayoingia ndani hasa ya mfereji wa sikio. Ilizuia takriban desibeli 35 za kelele bila betri wala saketi. Mtaa wenye desibeli 85 ukabaki desibeli 50 hivi ndani ya sikio, na muziki ukasikika wote ukiwa katika kiwango cha chini.

Jukwaani nako njia ya tatu ilikuwa imefika ukingoni. Mwanamuziki huhitaji kujisikia, hivyo huwekewa spika mbele yake. Gitaa likipanda, mpiga ngoma huomba spika yake ipandishwe, na mwimbaji naye huomba vivyo hivyo, mpaka jukwaa zima likawa hatari kwa masikio. Mwaka 1995 fundi sauti Jerry Harvey alimtengenezea Alex Van Halen, mpiga ngoma wa bendi ya Van Halen ambaye usikivu wake ulikuwa ukipungua, iafoni zilizochongwa kufuata umbo la masikio yake. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears, na leo ni vigumu kumkuta mwimbaji wa jukwaa kubwa bila vifaa vya namna hiyo. Waliozoea sauti kubwa kuliko watu wote ndio waliokuwa wa kwanza kukubali kwamba kuongeza sauti hakufai.

Historia yetu ya waya mmoja

Afrika Mashariki iliingia katika kisa hiki kupitia redio ya transista, iliyoenea miaka ya 1960, mara nyingi ikiwa na kisikizi cha sikio moja. Miaka ya 1980 na 1990 kanda zikatawala. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service liliuza kanda za taarab, na vijana waliobahatika kupata Walkman walitembea na muziki wa dansi kiunoni. Kisha ikaja simu ya vitufe yenye redio ya FM, na iafoni ikapata kazi ambayo wabunifu wake hawakuifikiria sana: waya wake ndio uliokuwa antena. Bila kuichomeka, redio haikukamata. Mamilioni ya watu walifuatilia mechi na taarifa ya habari kwa waya huo, ndani ya gari lenye injini mbovu na spika kubwa, na ncha iliyokaa mlangoni tu mwa sikio. Mazoea ya kuongeza sauti mpaka mwisho tuliyapata hapo.

Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la iafoni kwenye iPhone 7 na kutangaza AirPods, zisizo na waya lakini bado za plastiki ngumu isiyoziba. Mwaka 2019 mambo yakabadilika. Sony ilitoa WF-1000XM3 na Apple ikatoa AirPods Pro, zote zikiwa na ncha laini za kuziba sikio pamoja na maikrofoni za kufuta kelele. Mercadier na Lueg wakakutana ndani ya sikio moja. Miaka michache baadaye teknolojia hiyo ikashuka bei, na chapa kama oraimo, ya kampuni ya Transsion inayotengeneza pia simu za Tecno, Itel na Infinix, zikaileta kwenye maduka yetu kwa sehemu ndogo ya gharama ile ya mwanzo.

Namna ya kuchagua leo

Mnunuzi anayefika Kariakoo au Luthuli Avenue hukutana na ukuta mzima wa maboksi. Historia inampa mpangilio wa kuyapitia.

Aanze na ncha. Boksi liwe na saizi tatu au zaidi za ncha za silikoni, na zikiwemo za sponji ni bora zaidi. Masikio ya mtu mmoja hayalingani kila mara, kwa hiyo kulia kunaweza kuhitaji saizi tofauti na kushoto. Namna ya kuvaa ni kulivuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono wa upande wa pili, kisha kuingiza ncha kwa kuizungusha polepole. Kabla ya kuwasha muziki, sikiliza duka: makelele ya mtaani yanapaswa kushuka papo hapo. Washa wimbo unaoujua vizuri kwa sauti ya chini, kisha ibonyeze iafoni taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, ujue ncha inavuja. Jaribu kubwa zaidi. Besi ndiyo inayotoroka kwanza ncha isipokaa sawasawa, na wengi hulaumu spika wakati kosa ni la kipande cha silikoni.

Halafu afikirie kelele anayoishi nayo. Anayesafiri kwa basi la mkoani, anayepanda ndege au anayelala karibu na jenereta atafaidika kweli na ufutaji wa kelele. Anayesumbuliwa zaidi na mazungumzo ya ofisini na honi anaweza kupata nafuu hiyohiyo kwa iafoni ya waya inayoziba vizuri, isiyohitaji chaji na ya bei nafuu. Waya nao una kasoro yake: ukigusana na shati hutoa mchakaricho sikioni, na dawa yake ni kuupitisha juu na nyuma ya sikio.

Asome boksi kwa makini. Herufi ANC humaanisha kelele inapunguzwa kwa ajili yako wewe msikilizaji. Herufi ENC huhusu maikrofoni wakati wa kupiga simu, na humsaidia unayezungumza naye akusikie. Wauzaji wengi huzichanganya, na mteja hulipia kitu ambacho hakitamfanyia alichokusudia. Maandishi ya hertzi 20 hadi 20,000 hupatikana karibu kwenye kila boksi na hayasemi lolote kuhusu ubora. Bidhaa bandia za chapa kubwa nazo ni nyingi, na mara nyingi iafoni halisi ya chapa ndogo huzishinda. Rahisi ghali.

Barabarani kuna sharti lake. Sikio lililozibwa halisikii bodaboda inayokuja, kwa hiyo anayevuka njia atoe iafoni, au awashe hali ya kupitisha sauti za nje ikiwa kifaa chake kinayo. Ncha zisafishwe mara kwa mara na zisiazimwe ovyo, kwa sababu nta na vijidudu husafiri nazo.

Ndani ya kila sikio mtoto huzaliwa na chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zinazogeuza mawimbi kuwa ishara za ubongo. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa desibeli 80 mtu asipite saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na ukifika 90 zimebaki saa 4 hivi kwa wiki nzima. Mtu anayeshindana na kelele ya gari kwa iafoni isiyoziba anaweza kuzimaliza ndani ya siku mbili au tatu za kwenda kazini na kurudi.

Kwa hiyo mzazi anayemnunulia mwanafunzi iafoni, na kijana anayetumia mshahara wake wa kwanza, wapime kwa kigezo kimoja kabla ya rangi, chapa na wingi wa besi: je, nikiwa katikati ya kelele, naweza kushusha sauti hadi nusu na bado nikasikia kila neno? Ikiwa jibu ni ndiyo, wamepata kile ambacho mabaharia, marubani na wapiga ngoma walikigharamia sana, na kwa bei inayofikika. Ikiwa jibu ni hapana, wairudishe rafuni na wajaribu nyingine.